Kusikiliza falsafa ya kale kwa simu: kutoka Apology hadi Republic

Wengi wanaoshindwa na vitabu vya falsafa vya kusikiliza huwa wameanza na kitabu kisichosikilizika. Mtu kasikia sifa za Kant, anapakua Critique of Pure Reason, na ikifika dakika ya 20 msomaji anaendelea kuongea peke yake. Masikio hayana kosa. Kitabu hicho cha mwaka 1781 kimeandikwa kwa ajili ya jicho, na sentensi zake hubeba vishazi ndani ya vishazi, hivyo msomaji anatarajiwa kurudi nyuma kila mara. Ethics ya Spinoza imepangwa kama somo la jometri: kila hoja inakurudisha kwenye hoja iliyopita kwa namba yake, na sikio haliwezi kufunua kurasa kuitafuta. Tractatus ya Wittgenstein ina sentensi zenye namba za desimali, na ukiondoa zile namba mpangilio wote unapotea. Hivyo vitatu visome kwenye karatasi.

Falsafa inayosikilizika ni ile iliyotoka mdomoni. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika mazungumzo ambamo msemaji mkuu ni mwalimu wake Socrates. Epictetus hakuandika kitu. Tulicho nacho ni maneno ya darasani yaliyonakiliwa na mwanafunzi wake Arrian. Seneca aliandika barua. Ukianza na hao, nusu ya kazi imekwisha. Mwongozo huu unapita kwa Plato: Apology, halafu Crito, halafu Republic, kwa rekodi za bure za Kiingereza.

Hatua ya 1: Chagua tafsiri kabla ya sauti

Rekodi za bure hutumia tafsiri za zamani kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha. Kwa Plato, mara nyingi utakutana na Benjamin Jowett, profesa wa Oxford aliyefariki mwaka 1893. Kiingereza chake ni cha zama za Malkia Victoria lakini kinatiririka, na sentensi zake zinafaa kusomwa kwa sauti. Kwa Meditations ya Marcus Aurelius, tafuta George Long (1862) na umwepuke Meric Casaubon (1634), maana Kiingereza cha karne ya 17 kitakuchosha kabla hujafika kwenye fikra zenyewe. Descartes anapatikana kwa John Veitch.

Kama rekodi haitaji jina la mfasiri, iache. Video nyingi za “kitabu kizima” YouTube ziko hivyo: nyingine zimefupishwa bila kusema, nyingine zinasomwa na sauti ya kompyuta inayokosea majina ya Kigiriki, na matangazo yanakata hoja katikati. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba huwezi kupata maandishi yanayolingana nayo neno kwa neno, na bila maandishi hayo hutaweza kurudi pale ulipopotea.

Kuna mtego mmoja wa Jowett. Kila mazungumzo aliyafungulia utangulizi na uchambuzi wake mwenyewe, na ule wa Republic ni mrefu mno. Baadhi ya rekodi zinausoma, nyingine zinauruka. Sikiliza dakika mbili za faili la kwanza. Ukisikia mtu anazungumza kuhusu Plato badala ya Socrates akizungumza mwenyewe, ruka hadi faili ambalo mazungumzo yanaanza. Kwa Republic, sentensi ya kwanza ni ya Socrates akisema aliteremka jana kwenda Piraeus, bandari ya Athens, pamoja na Glaucon. Utangulizi wa Jowett una faida yake, ila usikilize mwishoni; ukiusikia kwanza unakupa majibu kabla ya maswali.

Hatua ya 2: Pakua

Chanzo cha kuaminika ni LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 2005. Rekodi zake zote ni mali ya umma na zinahifadhiwa Internet Archive, hivyo hakuna kujisajili wala kulipa. Kwenye ukurasa wa kitabu angalia mambo matatu: jumla ya muda, kiungo cha maandishi yaliyosomwa, na kama msomaji ni mmoja au ni wengi. Maandishi hayo mara nyingi yapo Project Gutenberg. Yapakue siku hiyohiyo.

Kuhusu wasomaji, ziko aina tatu. Msomaji mmoja kwa kitabu kizima ndiye chaguo salama, kwani sikio linamzoea. Rekodi ya kikundi ina msomaji tofauti kwa kila sura: unaweza kutoka kwenye sauti safi ukaangukia kwenye lafudhi ngeni na maikrofoni mbovu katikati ya hoja. Aina ya tatu ni usomaji wa kuigiza, ambapo kila mhusika ana mtu wake. Kwa Plato hii ndiyo bora ukiipata, kwa sababu inatatua tatizo la nani anasema nini. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na rekodi mbili au tatu, kwa hiyo sikiliza dakika tano za kila moja kabla ya kupakua zote.

Hesabu ya bando ni rahisi. Faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa kila saa ya kusikiliza. La kilobiti 128 hula mara mbili. Apology yenye dakika 80 hivi ni kama MB 38. Republic, inayokaribia saa 12, ni kama MB 350. Kwa sauti ya mtu anayesoma, kilobiti 64 zinatosha kabisa. Pakua faili la zip la kitabu kizima ukiwa kwenye Wi-Fi, lifungue kwa programu ya Files ya simu, kisha futa zip yenyewe, la sivyo kitabu kitakaa mara mbili kwenye simu. Kama kuna faili la M4B, lichukue hilo: ni faili moja lenye sura ndani yake.

Hatua ya 3: Andaa simu

Usitumie programu ya muziki. Itachanganya sura za Republic na nyimbo zako, na ukiwa umeacha kitufe cha kuchanganya kimewashwa, ile hadithi ya wafungwa wa pangoni, iliyo Kitabu cha 7 cha Republic, itakuja kabla ya mtu yeyote kuuliza haki ni nini. Tumia programu ya vitabu vya sauti inayokumbuka ulipoishia, au VLC, ambayo ni ya bure. Hakikisha majina ya faili yanaanza na 01, 02, 03. Yakianza na 1, 2, 3, kuna programu zitakazoweka la 10 mara baada ya la 1.

Weka kitufe cha kurudi nyuma kiwe cha sekunde 30. Sekunde 10 ni chache mno kwa falsafa, maana unaangukia katikati ya sentensi ileile iliyokupoteza. Kasi anza nayo 0.85 au 0.9 kama Kiingereza ni lugha yako ya pili au ya tatu. Msomaji wa kawaida husoma maneno 150 hivi kwa dakika, na Kiingereza cha Jowett kwa mwendo huo si mchezo. Ukishuka chini ya 0.75 sauti huanza kukokota na mkazo wa maneno unapotea. Kasi ya 1.5 waachie wanaosikiliza riwaya.

Mahali pia pana uzito wake. Kutembea, kufua, kupika na kukaa kwenye foleni ya daladala vinafaa kwa usikilizaji wa kwanza. Usikilizaji wa pili, ule wa kusimama na kufikiri, unahitaji kiti na kalamu. Barabarani vaa hedifoni sikio moja tu. Socrates anaweza kusubiri, bodaboda haisubiri.

Hatua ya 4: Apology, kwa vituo vitano

Hii ni hotuba ya utetezi wa Socrates mahakamani Athens mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70. Karibu yote ni sauti ya mtu mmoja, na ndiyo maana inafaa kuanzia.

Kazi za Plato hunukuliwa kwa namba za Stephanus, yaani kurasa za toleo lililochapishwa mwaka 1578, kama 17a au 30e. Hutazisikia kwenye sauti, na maandishi ya Jowett ya Gutenberg hayana. Zinapatikana kwenye maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, bure, kwa tafsiri nyingine. Katika Apology ukurasa mmoja wa Stephanus huchukua dakika 3 na kidogo za sauti, hivyo ukijua namba unaweza kukisia dakika.

Kwanza isikilize yote bila kusimama, ikiwezekana kwa siku moja. Usiandike kitu. Siku inayofuata rudi na usimame mahali patano.

Kituo cha kwanza kiko kama dakika ya 23 (24b). Hadi hapo Socrates amewajibu washtaki wa zamani, yaani uvumi wa mitaani na ile tamthilia ya Aristophanes iliyomfanyia mzaha, kisha akaeleza jinsi rafiki yake Chaerephon alivyokwenda kwenye hekalu la Delphi kumuuliza mungu kama yupo mwenye hekima kumpita Socrates, akajibiwa hakuna. Swali la kujijibu hapa: kwa nini Socrates alikwenda kuwahoji wanasiasa, washairi na mafundi kwa mpangilio huo, na kila kundi alilikuta na kasoro gani? Hazifanani. Wasikilizaji wengi hukumbuka tu kwamba “hawakujua kitu”, na hapo sehemu muhimu imewapita: mafundi walijua kazi yao kweli, tatizo lao lilikuwa kudhani kwamba kwa ajili hiyo wanajua na mengine.

Dakika 12 zinazofuata ni mahojiano na Meletus, mshtaki wake, hadi 28a. Hapa ndipo sauti ya msomaji mmoja inapokwama, kwani maswali na majibu yanapishana haraka. Sikiliza sehemu hii ukiwa na maandishi mbele yako. Andika mashtaka mawili, kuharibu vijana na kutoamini miungu ya mji, na chini ya kila moja andika jibu la Socrates kwa sentensi moja. Halafu jiulize kama jibu lake la pili linatosha. Amemfanya Meletus adai kwamba Socrates haamini mungu yeyote, kisha akamnasa kwa dai hilo. Shtaka lililoandikwa halikusema hivyo.

Kituo cha tatu ni kirefu, kama dakika 25, na ndicho chenye nyama zaidi. Ndani yake kuna hoja ya kutoogopa kifo kwa sababu hakuna akijuaye, ule mfano wa nzi anayemuuma farasi mkubwa mzembe, sababu ya kutoingia kwenye siasa, na kukataa kuwaleta watoto mahakamani ili wamlilie. Kigawe mara mbili. Ukikimaliza kwa mkao mmoja, hoja ya kifo na hoja ya kutii mungu kuliko watu zitakuchanganyikia.

Katika 35e amekwisha kukutwa na hatia. Hakuna msimulizi anayekutangazia, na rekodi nyingi hazina hata ukimya hapo, basi msikilizaji asiyejua anashangaa kwa nini sauti imebadilika. Dalili ni pale anaposema kwamba kura 30 tu zingehamia upande wa pili angeachiliwa. Sasa anatakiwa kujipendekezea adhabu: anataka alishwe Prytaneum, jumba la heshima la mji, kwa gharama ya mji, anashuka hadi faini ya mina moja (mina ni kipimo cha fedha), na kuishia mina 30 kwa dhamana ya rafiki zake, Plato akiwa mmoja wao. Dakika 12 za mwisho ni maneno yake baada ya hukumu ya kifo. Sikiliza jinsi anavyowagawa wasikilizaji wake makundi mawili: waliomhukumu na waliomwachilia.

Mwisho wa kila kituo, zima, ufungue WhatsApp, na ujirekodie ujumbe wa sauti wa dakika moja, ukijitumia mwenyewe, kwa Kiswahili: anadai nini, kwa sababu gani, na nani angempinga vipi. Kwa Kiswahili, si kwa maneno ya Jowett. Kiingereza kinachotiririka sikioni hukupa hisia kwamba umeelewa, na hisia hiyo huisha pale unapotakiwa kuieleza hoja kwa lugha unayoitumia nyumbani. Ukikwama katikati ya ujumbe, hapo ndipo pa kurudisha.

Hatua ya 5: Crito

Ni fupi, dakika 40 hivi. Socrates yuko gerezani, rafiki yake Crito amekuja alfajiri kumshawishi atoroke. Kuna ugumu mmoja tu wa kusikiliza: kuanzia 50a, yaani dakika ya 25 hivi, Sheria za Athens zinaanza kuongea, lakini zinaongea kupitia mdomo wa Socrates. Kwa msomaji mmoja utasikia sauti ileile ikisema “sisi” na “wewe, Socrates”. Asiyejiandaa hudhani Crito ndiye anayesema, na hoja yote inageuka juu chini. Simama pale, andika “Sheria zinasema”, kisha endelea.

Baada ya Crito, rudi Apology 29d, ambapo Socrates anasema hataacha falsafa hata mahakama ikimwamuru. Linganisha na utii anaoutetea mwenyewe katika Crito. Mzozo huo umewashughulisha wasomi muda mrefu, nawe sasa una vifaa vya kuingia ndani yake.

Hatua ya 6: Republic, bila kujiua

Vitabu kumi, saa 12. Usiende kwa zaidi ya kitabu kimoja kwa wiki, katika vipande vya dakika 20 hadi 25. Kitabu cha 1 kinajitegemea na kina maana tatu za haki zinazoangushwa moja baada ya nyingine: Cephalus anasema ni kusema kweli na kulipa deni, Polemarchus, kuwafaidi marafiki na kuwaumiza maadui, Thrasymachus, faida ya mwenye nguvu. Simama kila moja inapoanguka, useme imeangushwa kwa hoja gani. Ukishindwa kwa Thrasymachus usivunjike moyo. Glaucon mwenyewe hakuridhika, na Kitabu cha 2 kinaanza kwa malalamiko yake na kisa cha pete ya Gyges, inayomfanya aliyeivaa asionekane.

Kuanzia hapo wanaojibu ni Glaucon na kaka yake Adeimantus, na majibu yao mengi ni “kweli” na “bila shaka”. Sikio husinzia. Dawa ni kubandika kwenye kioo cha simu karatasi yenye jina la anayejibu sasa hivi, na kulibadilisha wanapopokezana. Adeimantus huingia kila mambo yanapokuwa magumu kwa maisha ya kawaida, na kupokezana huko kuna maana.

Si sehemu zote zina uzito sawa. Mjadala wa washairi katika Vitabu vya 2 na 3 umejaa nukuu za Homer. Pita kwa mwendo wa kawaida bila vituo. Kitabu cha 4, sehemu tatu za nafsi, kisikilize mara mbili. Kitabu cha 5 kina yale anayoyaita mawimbi matatu, la mwisho likiwa wafalme wanafalsafa. Mwisho wa Kitabu cha 6 (509d) kuna mstari uliogawanywa, na huo hausikilizwi hata ufanyeje. Chukua karatasi, chora mstari wima, ukate vipande viwili visivyo sawa, kila kipande ukikate tena kwa uwiano uleule, kisha uandike kutoka chini: vivuli, vitu, hisabati, maumbo (Forms za Plato, yaani asili za vitu zisizobadilika, si maumbo ya jometri). Ndipo usikilize Kitabu cha 7. Pango, lisilotanguliwa na mchoro huo, hubaki hadithi nzuri tu. Ukiwa nao utaona mfungwa anapanda mstari hatua kwa hatua.

Katika Kitabu cha 8 kuna hesabu ya ajabu kuhusu uzazi (546b). Iruke, wasomaji wamebishana juu yake tangu zamani. Mfululizo wa tawala zinazoharibika unaoifuata, hadi udikteta wa Kitabu cha 9, ndio sehemu rahisi kusikiliza kuliko zote, na unaweza kuichukua kwa vipande vya dakika 40.

Panapoharibika

Umerudisha mara tatu na bado hujashika: acha sauti, fungua maandishi, soma aya hiyo moja kwa jicho, halafu urudi. Mara ya nne ya kusikiliza haileti kitu.

Umekaa wiki mbili bila kusikiliza: usianze upya kitabu. Sikiliza jumbe zako za sauti kuanzia ya kwanza. Ndiyo faida yake ya pili.

Unasinzia: kama ni usiku, weka kipima muda cha dakika 20, na kesho anza ulipoanzia jana, si ulipoishia.

Unahitaji mtu wa kukueleza mazingira: podikasti ya Peter Adamson, History of Philosophy Without Any Gaps, ina vipindi vya kama dakika 20 na mfululizo mzima juu ya falsafa ya Afrika aliouandaa na Chike Jeffers. Sikiliza kipindi baada ya kitabu, kwa sababu ileile ya utangulizi wa Jowett.

Baada ya Republic

Enchiridion ya Epictetus ina sura fupi zaidi ya 50. Chukua mbili au tatu kwa siku. Meditations ya Marcus Aurelius anza Kitabu cha 2, maana cha 1 ni orodha ya watu anaowashukuru, na majina yale kwa sikio hayashikiki. Descartes aligawa Meditations zake sita (1641) kana kwamba ni siku sita mfululizo, nawe zifuate hivyo, moja kwa siku. Dialogues Concerning Natural Religion ya Hume (1779) ina wazungumzaji watatu, Cleanthes, Philo na Demea. Waandike kwenye karatasi na ubashiri kila mmoja atajibu nini kabla hajajibu.

Nje ya Ulaya, jaribu Confessions ya al-Ghazali kwa tafsiri ya Claud Field ya mwaka 1909. Ni fupi, inasimuliwa na mtu mmoja anayetilia shaka kila alichofundishwa, na imejigawa yenyewe: anayachunguza makundi manne yanayodai kuujua ukweli, yaani wanatheolojia, wanafalsafa, wafuasi wa mafundisho ya imamu na masufi. Weka kituo mwisho wa kila kundi, na katika ujumbe wa sauti useme kasoro aliyoiona kwa watatu wa kwanza kabla hujaendelea na wa nne.